Kipupwe: Tumpashe Mtu Joto, Tusizibe Madirisha

Kuanzia Juni hadi Agosti kila mwaka, jua likiwa limehamia kaskazini, upepo wa kusi hutuletea hewa kavu na ya baridi. Pwani watu huushukuru upepo huo kwa sababu unapunguza fukuto. Nyanda za Juu Kusini mambo ni mengine. Joto la hewa hupungua kwa takribani nyuzi 6 za Selsiasi kwa kila mita 1,000 unazopanda, na mji wa Njombe uko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Ukiendelea kupanda hadi Makete na uwanda wa Kitulo, asubuhi za Julai utakuta sakitu imetanda juu ya nyasi. Anga likiwa halina mawingu, ardhi hupoteza joto lake haraka usiku, na saa ngumu kuliko zote ni zile za kuanzia saa tisa usiku hadi jua linapochomoza.

Wenyeji wa Njombe, Makete, Mufindi na Rungwe, sawa na wenzao wa Limuru, Molo na Nyandarua nchini Kenya, wamezaliwa katika baridi na wanajua kuishi nayo. Makala haya hayakuandikwa ili kumfundisha mtu mzima mwenye afya kuvaa sweta. Yameandikwa kwa ajili ya wale ambao miili yao haiwezi kujitengenezea joto la kutosha, au haiwezi kulihifadhi: kichanga, mzee, mtoto mwenye utapiamlo, mgonjwa wa selimundu, mwenye pumu, mwenye presha, anayeishi na virusi vya UKIMWI (VVU).

Wengi wa watu hawa hawadhuriwi na baridi peke yake. Wanadhuriwa pia na namna tunavyoikimbia. Tunafunga madirisha na kuziba nyufa kwa matambara, tunaingiza jiko la mkaa chumbani, tunalala watu wengi katika chumba kimoja kisichopitisha hewa, kisha tunashangaa asubuhi mtoto anapobanwa kifua. Hoja yangu katika makala haya ni moja: joto linalookoa maisha ni lile linalobaki mwilini mwa mtu. Tumpashe mtu, na hewa ya chumba tuiache ipite.

Jinsi mwili unavyopambana na baridi

Joto la kawaida ndani ya mwili wa binadamu ni karibu nyuzi 37. Likishuka chini ya 35, mwili umepoa kupita kiasi, na viungo muhimu, hasa moyo na ubongo, huanza kulegea katika kazi zake. Kabla ya kufika huko, mwili hujitetea kwa njia mbili. Kwanza, mishipa ya damu iliyo karibu na ngozi hujikaza ili damu yenye joto ibaki ndani. Ndiyo maana vidole na masikio hutangulia kupoa. Pili, misuli hutetemeka, na mtetemo huo huzalisha joto.

Ulinzi huu una gharama. Mishipa ikijikaza, shinikizo la damu hupanda na moyo hulazimika kusukuma kwa nguvu zaidi. Damu nayo huwa nzito kidogo na kuganda kwa urahisi zaidi. Kijana mwenye afya hulipa gharama hiyo bila kuihisi, lakini mtu mwenye presha au ugonjwa wa moyo anaweza kuilipa kwa kiharusi. Kutetemeka nako kunahitaji misuli na chakula, na asiye na hivyo hawezi kutetemeka kwa muda mrefu.

Wala haihitajiki baridi ya theluji. Mwaka 2015 jarida la kitabibu la The Lancet lilichapisha utafiti uliopitia vifo zaidi ya milioni 74 katika nchi 13, zikiwamo Brazil na Thailand. Vifo vilivyohusishwa na baridi vilikuwa karibu asilimia 7.3 ya vifo vyote, ilhali vile vya joto havikufikia hata asilimia 0.5. Sehemu kubwa ya vifo hivyo vya baridi ilitokana na ubaridi wa wastani unaodumu siku nyingi, kuliko siku chache za baridi kali. Hapakuwa na nchi ya Afrika katika utafiti huo, lakini funzo lake linatufaa: baridi ya kila siku, ile tunayoiita ya kawaida, ndiyo inayochosha miili dhaifu.

Mambo mawili huongeza makali yake. La kwanza ni upepo, ambao hupeperusha tabaka jembamba la hewa yenye joto lililoizunguka ngozi. Dereva wa bodaboda analijua hili kifuani mwake. La pili ni maji, ambayo hupitisha joto takribani mara 25 kuliko hewa. Mchuma chai anayeingia shambani alfajiri na kuloweshwa na umande, au mtoto aliyekojoa kitandani akaendelea kulala, anapoteza joto haraka kuliko aliyekaa nje akiwa mkavu. Kwa hiyo kanuni ya kwanza ya kipupwe ni kukaa mkavu, na ya pili ni kuvaa nguo kadhaa, moja juu ya nyingine. Fulana, shati na sweta jepesi hunasa hewa kati yake, na hewa hiyo iliyotulia ndiyo inayozuia joto lisitoke.

Kichanga hategemei blanketi, anategemea mama

Mtoto mchanga hajui kutetemeka. Hutegemea mafuta maalumu yenye rangi ya kahawia yaliyo kati ya mabega na kuzunguka figo, ambayo mwili wake huyachoma ili kupata joto. Mtoto njiti huzaliwa kabla mafuta hayo hayajajaa vya kutosha. Ngozi yake ni nyembamba, na kichwa chake ni kikubwa kikilinganishwa na mwili, hivyo joto lina njia nyingi za kutoka. Shirika la Afya Duniani (WHO) linasema joto la kichanga linapaswa kuwa kati ya nyuzi 36.5 na 37.5. Chini ya hapo tayari ana tatizo, na chini ya 32 maisha yake yako hatarini kabisa.

Hatari huanza dakika ileile anapozaliwa, kwa sababu anatoka akiwa amelowa. Anapaswa kukaushwa mara moja, kitambaa kilicholowa kiondolewe, awekwe juu ya kifua cha mama ngozi kwa ngozi, afunikwe kwa kitambaa kikavu na avikwe kofia. Anyonyeshwe ndani ya saa moja ya kwanza, maana maziwa yale ya mwanzo ndiyo kuni za mwili wake. Kumwogesha kusubiri hadi saa 24 zipite. Najua bibi na mashangazi wengi wana haraka ya kumwosha mtoto ili apokewe akiwa safi. Nawaomba wasubiri. Ute mweupe ulioko kwenye ngozi yake unamlinda, hivyo usiharakishe kuuondoa.

Kwa mtoto njiti au aliyezaliwa na uzito mdogo, njia bora tuliyo nayo haihitaji umeme. Ni huduma ya kangaruu: mtoto akiwa na nepi, kofia na soksi tu, hulazwa wima kati ya matiti ya mama, ngozi kwa ngozi, na kufungwa kwa kitenge usiku na mchana. Ilianzishwa na daktari Edgar Rey Sanabria mjini Bogotá, Kolombia, mwaka 1978, hospitali yake ilipokuwa na upungufu wa mashine za kutunzia watoto njiti. Miaka mingi iliaminika kwamba huduma hiyo ianze baada ya mtoto kutengemaa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2021, uliofanyika katika hospitali 5 za Ghana, India, Malawi, Nigeria na Tanzania, yetu ikiwa Hospitali ya Taifa ya Muhimbili, ulibadilisha imani hiyo. Miongoni mwa watoto wenye uzito wa kuanzia kilo 1 hadi chini ya kilo 1.8, walioanzishiwa kangaruu mara baada ya kuzaliwa, asilimia 12 walifariki ndani ya siku 28. Kwa wale waliosubirishwa hadi watengemae, waliofariki walikuwa asilimia 15.7. Mwaka 2022 WHO ilipendekeza huduma hiyo ianze mapema iwezekanavyo.

Baba, bibi au shangazi anaweza pia kumbeba mtoto kwa namna hiyo mama anapopumzika. Kifua cha baba kina joto lilelile, na hakuna aibu yoyote katika kumwokoa mwanao.

Nyumbani, kipimo cha haraka ni mkono wako. Gusa miguu ya mtoto, kisha tumbo lake. Miguu ikiwa baridi na tumbo lina joto, ameanza kuzidiwa: mweke kifuani na umnyonyeshe. Vyote viwili vikiwa baridi, au ananyonya kwa uvivu, analia kwa sauti dhaifu au amelegea, mpeleke kituo cha afya akiwa kifuani mwako ngozi kwa ngozi, umefunika wote wawili. Tanzania kuna huduma ya M-Mama ya usafiri wa dharura kwa wajawazito na vichanga, na namba yake ni 115 bila malipo. Usimweke kichanga kando ya moto, wala usimlundikie mablanketi mazito hadi usoni. Moto humuunguza na kumvutisha moshi, na blanketi zito linaweza kumziba pumzi.

Jiko chumbani ni muuaji asiye na harufu

Kila msimu wa baridi hutokea familia iliyolala na jiko la mkaa ndani ikakutwa asubuhi bila uhai. Majirani husema walikosa hewa, wengine huwaza mambo ya kishirikina. Sababu inajulikana kisayansi. Mkaa unapoungua hutoa gesi iitwayo kaboni monoksidi. Haina rangi, haina harufu wala haiwashi macho. Ukiivuta, huingia kwenye damu na kushikamana na hemoglobini, kibeba-oksijeni cha damu, kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni yenyewe. Ni kama abiria aliyekaa kwenye kiti cha daladala akagoma kushuka: gari linaendelea na safari, lakini mwenye haki ya kiti kile hapati nafasi. Damu inazunguka, ilhali ubongo na moyo havipati oksijeni.

Watu wengi hudhani kwamba moshi ukishakwisha na mkaa ukawa mwekundu, jiko limekuwa salama. Si kweli. Kaa jekundu lisilo na moshi linaendelea kutoa gesi hiyo, na chumba kikiwa kimefungwa gesi huongezeka kadiri usiku unavyosonga. Sufuria ya maji juu ya jiko haisaidii, kwa kuwa gesi hii haiyeyuki kwenye maji kwa kiasi cha maana. Dirisha lililoachwa wazi kidogo halitoi uhakika wowote. Jiko la gesi nalo halikutengenezwa kwa ajili ya kupasha chumba joto, kwani katika chumba kilichofungwa hula oksijeni na linaweza kuzalisha gesi ileile.

Dalili zake ni kuumwa kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu, kutapika na kuishiwa nguvu. Kwa sababu zinafanana na za malaria au mafua, mtu hujilaza tena, na hapo ndipo hushindwa kuamka. Kuna kitambulisho kimoja kizuri: watu wote waliomo chumbani huumwa kwa wakati mmoja, bila homa, na hupata nafuu wakitoka nje. Ukiona hivyo, fungua milango na madirisha, mtoe kila mtu kwenye hewa safi, kisha waende hospitali hata kama wamepata nafuu. Mtu akipumua hewa ya kawaida, gesi iliyomo mwilini huchukua saa 4 hadi 5 kupungua kwa nusu, lakini akipewa oksijeni hospitalini muda huo hushuka hadi saa moja au moja na nusu. Mjamzito asicheleweshwe hata kidogo, kwa sababu mtoto aliye tumboni huathirika kuliko mama yake.

Jiko lina hatari nyingine inayoonekana kwa macho: kuungua. Watoto wanaojifunza kutembea na watu wenye kifafa ndio wanaoangukia motoni. Wawekewe kizuizi, na mwenye kifafa asiachwe peke yake akiota moto. Aliyeungua amwagiwe maji safi ya bomba yanayotiririka kwa dakika 20, sehemu iliyoungua tu, huku sehemu nyingine za mwili zikifunikwa asipate baridi. Dawa ya meno, asali na mafuta ya kula visiwekwe kwenye kidonda.

Madirisha, kichomi na kifua kikuu

Baridi haizalishi mafua. Mafua huletwa na virusi. Ila baridi hutukusanya pamoja katika vyumba vilivyofungwa, hukausha njia ya hewa na kudhoofisha ulinzi wake, hivyo virusi huhama kwa wepesi kutoka kwa mmoja kwenda kwa mwingine. Ongeza moshi wa kuni juu yake, na kifua cha mtoto mdogo kinakuwa mlango usio na komeo.

Mafua ya kawaida hayahitaji antibayotiki. Yanayohitaji tiba ya haraka ni nimonia, ambayo watu wengi huiita kichomi. Kila mzazi anaweza kuitambua akiwa na saa au simu. Mtoto akiwa ametulia, mfunue kifua uhesabu pumzi zake kwa dakika moja kamili. Pumzi 60 au zaidi kwa mtoto wa chini ya miezi 2, 50 au zaidi kwa wa miezi 2 hadi 11, na 40 au zaidi kwa wa mwaka 1 hadi kabla ya kutimiza miaka 5, ni dalili ya kumpeleka kituo cha afya siku hiyohiyo. Kifua kikibonyea ndani chini ya mbavu kila anapovuta pumzi, akishindwa kunyonya au kunywa, akitapika kila kitu, akipata degedege au akilegea na kupoteza fahamu, usisubiri asubuhi. Chanjo dhidi ya bakteria wakuu wa nimonia hutolewa bila malipo mtoto akiwa na wiki 6, 10 na 14. Kama amekosa mojawapo, hudhuria kliniki sasa.

Kwa Njombe na jirani zake, dirisha lililofungwa lina uzito wa pekee. Utafiti wa kitaifa wa VVU wa mwaka 2022 na 2023 ulionyesha kuwa Njombe inaongoza nchini, ikiwa na maambukizi ya asilimia 12.7 kwa watu wazima, wakati wastani wa taifa ni asilimia 4.4. Iringa ilikuwa na 11.1. Mtu anayeishi na VVU ambaye hatumii dawa, au aliyeziacha, hushambuliwa kwa urahisi na nimonia na kifua kikuu. Na vijidudu vya kifua kikuu huelea hewani kwa saa nyingi katika chumba kisicho na mzunguko wa hewa. Dirisha likifunguliwa, hewa huwatawanya, na mwanga wa jua huwaua.

Kwa hiyo kila siku jua likishapanda, fungua madirisha ya pande mbili ili hewa ipite. Usiku acha upenyo wa juu, mbali na kitanda, halafu walalaji wajifunike vizuri. Kikohozi kilichozidi wiki 2 kipimwe makohozi, na anayeishi na VVU anayekohoa apimwe mapema zaidi bila kungoja wiki hizo. Dawa za kufubaza virusi zisikatishwe kwa sababu ya baridi au umbali wa kliniki. Chukua za kukutosha msimu.

Joto huanzia kwenye sahani

Hapa kuna jambo linaloniumiza. Nyanda za Juu Kusini ni ghala la taifa. Zinatoa mahindi, viazi, maharage, maziwa na maparachichi yanayosafirishwa hadi Ulaya. Hata hivyo, utafiti wa afya na idadi ya watu wa mwaka 2022 ulikuta udumavu kwa watoto wa chini ya miaka 5 ni asilimia 56.9 Iringa na 50.4 Njombe, wakati wastani wa taifa ni 30. Mtoto aliyedumaa na kukonda hana akiba ya mafuta wala misuli ya kutetemekea. Kwa mtoto mwenye utapiamlo mkali, baridi na upungufu wa sukari mwilini huja pamoja, na huja usiku. Mwongozo wa tiba unataka alishwe kidogo kidogo kila baada ya saa 2 au 3, usiku ukiwamo, na alale mwilini mwa mama yake.

Kwa mtoto yeyote wa nyumbani, nusu ya parachichi lililopondwa ndani ya uji au viazi huongeza joto kuliko kuongeza unga tu, kwa sababu gramu moja ya mafuta hutoa kalori 9 na ya wanga hutoa 4. Ongeza maziwa, yai, karanga au maharage. Mlo wa usiku uwe karibu na muda wa kulala. Tusiuze maparachichi yote tukawaachia watoto ugali na majani matupu.

Pombe haimo katika orodha hii. Mtu akinywa komoni huhisi joto kwa sababu mishipa ya ngozi imefunguka, na kupitia mishipa hiyo joto la ndani linatoka. Aliyelewa akalala njiani usiku wa Julai anaweza asiamke.

Mzee hasemi kuwa anaona baridi

Wahenga walisema mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Kijana mwenye damu inayokwenda mbio naye haijui baridi ya bibi yake. Umri ukisonga, ngozi huwa nyembamba, misuli hupungua, mishipa huchelewa kujikaza na ubongo hauhisi mabadiliko ya joto kwa haraka. Mzee anaweza kukaa kwenye chumba cha baridi akasema yuko salama, na anasema kweli kwa kadiri anavyohisi. Kisukari na baadhi ya dawa za usingizi huongeza tatizo hilo.

Dalili za mzee aliyepoa kupita kiasi hazifanani na tunavyodhani. Huongea polepole, huchanganyikiwa, hushika vitu vikamponyoka, hujikwaa, huwa na tumbo la baridi ukimgusa, na mara nyingine huacha kutetemeka. Kuacha kutetemeka huku bado amepoa ni dalili mbaya. Mwondoe kwenye upepo, mvue nguo zilizolowa, mkaushe, mfunike kuanzia kifua na tumbo, kichwa pia. Kama ana fahamu na anameza vizuri, mpe kinywaji cha moto chenye sukari. Usimsugue mikono na miguu, usimsogeze karibu na moto, na upange kumpeleka hospitali.

Kinga yake ni rahisi. Godoro lisikae sakafuni. Chini ya shuka pawe na blanketi, maana baridi ya usiku hupanda kutoka chini. Avae kofia na soksi akilala. Chupa ya maji ya moto iliyofungwa vizuri na kuviringishwa kitambaa inaweza kuwekwa kitandani kabla hajaingia na kutolewa anapolala, ili isimuunguze. Dawa za presha azimeze bila kuruka, na apimwe mara nyingi zaidi miezi hii. Mdomo ukipinda, mkono ukikosa nguvu au maneno yakikwama ghafla, hicho ni kiharusi: hospitali mara moja. Wazee wengi hupunguza kunywa maji ili wasiamke usiku kwenda chooni nje. Wapewe ndoo ya usiku yenye mfuniko, na wapewe maji ya kunywa mchana.

Wanafunzi wa bweni na wenye magonjwa ya kudumu

Shule nyingi za bweni ziko nyanda za juu, na hupokea watoto kutoka Mwanza, Tabora, Dar es Salaam na Mtwara ambao hawajawahi kukutana na baridi hii. Miongoni mwao wamo wenye selimundu. Kwa mgonjwa wa selimundu, baridi hukaza mishipa midogo, chembe za damu zenye umbo la mundu hukwama, na maumivu makali ya mifupa huanza. Mtoto huyu asilazimishwe kuoga maji ya baridi alfajiri wala kusimama mstarini kwenye upepo. Anywe maji mengi, avae nguo za joto, ameze dawa zake kila siku, na akipata homa apelekwe hospitali siku hiyohiyo. Mzazi aiandikie shule barua ya daktari, na matroni aijue.

Mwenye pumu naye aangaliwe kwa karibu. Hewa baridi na kavu hukaza njia zake za hewa, na moshi humalizia kazi. Afunike pua na mdomo kwa skafu anapotoka asubuhi, atembee na pampu yake, na asilale jikoni.

Kazi ya familia na ya kijiji

Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania (TMA) hutoa mwelekeo wa msimu wa kipupwe. Taarifa hiyo isiishie redioni. Mtendaji wa kijiji, balozi na mhudumu wa afya ngazi ya jamii wakae mwezi Mei na kuandika majina: nani ni mzee anayeishi peke yake, nani ana mtoto njiti, nani ana selimundu, nani hana blanketi. Kila jina lipewe jirani wa kumpitia jioni na asubuhi. Makanisa, misikiti na vikoba vinaweza kununua blanketi na sweta za mitumba kwa bei ya mnadani kabla baridi haijapandisha bei.

Nyumba zetu nazo zirekebishwe. Bati tupu hupoteza joto usiku kucha. Dari, hata ya mbao nyepesi au mikeka, hulizuia. Mkeka au zulia la sakafuni hupunguza baridi ya sementi. Jiko lijengwe mbali na vyumba vya kulala, na liwe na bomba la moshi. Serikali imeweka lengo kwamba ifikapo mwaka 2034 asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi ya kupikia. Wilaya za baridi, ambako jiko la mkaa lina kazi mbili za kupika na kuota, zinastahili kupewa kipaumbele katika mpango huo.

Usingoje mpango huo ukamilike. Leo jioni toa jiko nje kabla ya kulala. Acha upenyo wa hewa juu ya dirisha. Gusa miguu ya kichanga na tumbo lake. Mpe mtoto mlo wenye mafuta. Kisha vuka uwanja ukamjulie hali mzee wa jirani, umguse mkono, umuulize amekula nini na amejifunika nini. Usiku huu wa kipupwe mtu dhaifu hawezi kujilinda peke yake. Ulinzi wake ni sisi.